Kwa nini sisi wa mpakani hatuna boti ya uokoaji ya kujitolea inayovuka Ruvuma?

#1 Mwana_Msimbati
Wakuu, habari zenu.

Kuna chama cha uokoaji baharini kinaitwa RNLI. Kilianzishwa London mwaka 1824, na hadi leo kinaendeshwa kwa michango ya watu. Wengi wa wanaopanda boti zake ni wa kujitolea: mwalimu, fundi bomba, mvuvi, mwenye duka. Akiitwa anaacha alichoshika anakimbilia botini. Kinachonifanya nifungue uzi ni hiki: Ireland ilipojitenga na Uingereza mwaka 1922, bendera zikawa mbili, serikali mbili, polisi wawili. Chama hakikugawanyika. Mpaka leo boti za chama kilekile zipo Ireland Kaskazini na zipo Jamhuri ya Ireland, na mtu anayezama haulizwi yuko upande gani wa mpaka.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Msimbati na Ruvula hadi mlango wa Ruvuma si mbali. Ng'ambo, upande wa Msumbiji, ni Namiranga, Kionga, Palma. Watu ni walewale, tunaoana, tunazikana. Chombo kikizima mashine pale nje, wa huku anaogopa kuvuka, wa kule anaogopa kuja. Tumeshazika watu kwa sababu hiyo.

Kwa nini hatuna kikundi kimoja cha uokoaji cha pande zote mbili? Wanaojua bahari na wanaojua sheria karibuni. Wa vyama vya siasa wapite uzi mwingine.

#2 Korosho_Ghafi
Mafuta. Hakuna jibu lingine. Funga uzi.

#3 Binti_Shangani
Korosho, punguza haraka, msimu wa mnada bado.

Mimi napinga hata swali lenyewe. Kikundi tunacho, hakina jina tu. Chombo kisiporudi, wake wa mabaharia ndio wanaoanza kuhesabu. Magharibi ikipita mtu anakwenda kwa mwenye boti, watu wanachanga mafuta, vijana wanaingia baharini usiku uleule. Mjomba wangu mashine ilimfia kipindi cha kusi, akaja kuonekana na wavuvi karibu na Songo Songo, wakamvuta mpaka kisiwani, wakampa chakula na nguo. Hakuna aliyemtoza senti. Hao si wa kujitolea? Tatizo letu ni kwamba mtu wa kwetu akiokoa hahesabiwi kuwa mwokoaji mpaka avae fulana yenye maandishi.

#4 KusiMkali
Dada Binti, hiyo habari ya mjomba ina jambo ambalo wengi hawalijui. Watu wanaamini chombo kikizima mashine Msimbati kitapelekwa Msumbiji. Mara nyingi ni kinyume. Kuna mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki, unaifikia pwani ya Afrika huku kwetu, kati ya Mtwara na Cabo Delgado (jimbo la Msumbiji linalopakana nasi), kisha unagawanyika. Tawi moja linashuka Mlango wa Msumbiji. Jingine linapanda kaskazini: Mtwara, Lindi, Kilwa, Mafia. Hili tawi letu linakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma linakimbia sana, kaskazi likivuma linapungua nguvu lakini haligeuki.

Kwa hiyo mjomba kwenda kuonekana Songo Songo ndiyo njia yenyewe. Na maana yake kwa hoja ya Mwana_Msimbati ni kwamba wanaovushwa mpaka na maji mara nyingi ni ndugu wa Palma wanaoletwa kwetu. Swali la haki ni je, sisi tunawapokeaje?

#5 Mwamba_wa_Lindi
Kumbe waliopotea Mtwara wote tunawapokea sisi Lindi na Kilwa. Tulijua siku nyingi kuwa Mtwara bila Lindi hamfiki popote.

#6 Mzee_Mikindani
Assalamu alaikum wanangu.

KusiMkali amesema kweli ya bahari kuu. Lakini chombo chetu hakianzii bahari kuu, kinaanzia ndani ya fungu. Pale mlango wa Ruvuma maji yana amri yao. Masika mto ukijaa unasukuma maji ya udongo nje kwa nguvu, na bamvua likitoka unasukumwa juu ya michanga ambayo kila mwaka imehama. Halafu kuna upepo. Dau lenye tanga wakati wa kaskazi, ukikatika usukani, upepo unakupeleka kusini hata kama mkondo chini unavuta juu. Mimi hilo limenikuta. Tuliingia Palma bila kutaka.

Watu wa kijijini walitupokea vizuri mno. Walituvuta, wakatupikia ugali wa muhogo na samaki, tukaongea Kimakonde kama tuko Naliendele. Asubuhi wakaja askari. Hatukuwa na karatasi hata moja. Nani hubeba karatasi kwenye dau? Tukawekwa ndani na chombo kikashikiliwa, na nyumbani walikwisha kutusomea hitima.

Kwa hiyo mwanangu wa #1, kwenye maji hatukukosa mwokoaji. Tulimkosa nchi kavu.

#7 Mwana_Msimbati
Mzee wangu shikamoo. Pole sana. Hiyo ndiyo hoja yangu hasa: tungekuwa na kikundi kinachojulikana na serikali zote mbili, askari angempigia mtu mmoja simu na mngelala nyumbani.

#8 HakiBahari
Nimesoma mambo ya sheria za bahari, niongeze nyama.

Kwanza, wajibu upo tayari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 98, unataka kila nahodha amsaidie mtu aliye hatarini baharini, alimradi hahatarishi chombo chake. Hausemi raia wa wapi. Pia kuna mkataba wa uokoaji uliosainiwa Hamburg mwaka 1979, ukaanza kutumika 1985. Huo unazitaka nchi jirani zikubaliane namna vikosi vya uokoaji vya moja vitakavyoingia maji ya nyingine haraka.

Pili, na hili watu wa kusini hawaambiwi: mpaka wetu wa uokoaji ni mkubwa kuliko mpaka wa nchi. Mwaka 2000 ulifanyika mkutano Florence, Italia, chini ya IMO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini), bara la Afrika likapangiwa vituo vikuu vitano vya uokoaji baharini: Mombasa, Cape Town, Lagos, Monrovia na Rabat. Tanzania tukawa chini ya Mombasa, kituo kikafunguliwa 2006, na Dar es Salaam ikawa na kituo chake kinachoshirikiana nacho. Msumbiji ikawa upande wa Cape Town. Sasa tazama ramani. Mstari wa Ruvuma unatenganisha Msimbati na Palma, na palepale unatenganisha eneo la Mombasa na eneo la Cape Town. Mvuvi aliye katikati ya mlango wa mto yuko mwisho kabisa wa wote wawili.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu. Tumewekwa pembeni ya kila ofisi.

#9 Korosho_Ghafi
HakiBahari asante kwa darasa, ila hebu tuseme Mombasa na Cape Town wamekubaliana leo saa nne. Boti ya mashine 40 inatoka Msimbati kwenda kutafuta watu nje. Inazunguka usiku kucha. Madumu ya petroli nani kajaza? Hao RNLI wana wazee wanaowaandikia urithi. Sisi mwenye boti akitoka kutafuta watu, kesho yake hana mafuta ya kwenda kuvua, na watoto wake wanakula nini? Nimesema mafuta na nitarudia mafuta.

#10 Faiba40
Mafuta ni sehemu tu. Kabla ya mafuta lazima mtu ajue kuwa umepotea, na ajue uko wapi. Hapo ndipo tunapofia.

Ukitoka nje ya Ruvula mtandao ama unakatika ama simu inakukaribisha Msumbiji na salio linaisha. Redio upepo ya chaneli 16 wanayo wenye meli na boti kubwa, ngalawa haina. Kuna vifaa vidogo vinavyotuma ishara ya dharura kwa setilaiti, masafa ya megahezi 406, mfumo huo umeokoa watu tangu 1982. Hapa kwetu ukimtajia mvuvi anadhani unamuuzia king'amuzi. Bila hicho, boti ya uokoaji ya kujitolea itazunguka kwa kubahatisha na ndiyo maana mafuta ya Korosho hayatoshi kamwe. Ukijua mtu alipo, dumu moja linaweza kutosha.

#11 Binti_Shangani
Faiba, hata boya la kuvaa hawana, wewe unawapa setilaiti.

#12 Mto_Hauzuii
Nimeishi Palma nikifanya biashara ya samaki wakavu, naomba niseme niliyoyaona.

Tarehe 24 Machi 2021 mji uliposhambuliwa, bahari ndiyo ilikuwa njia ya wengi. Barabara zilikuwa za kifo. Watu waliingia kwenye kila kinachoelea. Wenye majahazi na mashua za mizigo wakawa waokoaji bila kuulizwa. Wengi walipelekwa Pemba. Wengine walishika njia ya Ruvuma. Mimi nilivuka kwa chombo cha mtu ambaye hatukuwahi kujuana, akakataa pesa, akarudi kuchukua wengine. Hao ndio watu wangu wa kujitolea. Mpaka aliuvuka akijua kabisa kuwa anaweza kupigwa risasi na upande wowote.

#13 Kijana_wa_Ligula
Pemba mbona mbali sana mkuu? Kutoka Palma uipite Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja yote, ndipo ufike Pemba?

#14 Mwamba_wa_Lindi
Kijana wa Ligula, Pemba hiyo ni makao makuu ya Cabo Delgado, iko kusini ya Palma. Ulikuwa unasubiri waletewe karafuu? Soma ramani, mtani.

#15 Mlinzi_wa_Pwani
Naheshimu machungu ya #12, na kwa sababu hiyohiyo naomba wote mtulie. Mnazungumzia boti zinazovuka mpaka usiku kana kwamba tuko Ireland. Cabo Delgado kuna vita tangu Oktoba 2017. Oktoba 2020 Kitaya yetu, ndani ya mkoa wa Mtwara, ilivamiwa, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Askari aliyeko doria pale mlangoni anaona boti ya faiba bila taa, watu kumi ndani, saa nane usiku. Ajue vipi kama ni waokoaji? Ukirusha fataki ya ishara, pande zote mbili watalala kifudifudi na kushika bunduki. Na msisahau baruti. Pwani hii mlipuko ukisikika nje, mtu wa kwanza anawaza wavuvi haramu, hawazi mtu anayeomba msaada.

Sisemi watu wafe. Nasema sababu ni usalama, na mafuta ni ya baadaye.

#16 HakiBahari
Mlinzi, nakubali hofu ni ya kweli. Lakini hofu hiyo ikiachwa peke yake inamfunga anayeokoa. Mwaka 2007 wavuvi saba wa Tunisia waliokota watu 44 waliokuwa wanazama, wakawapeleka Lampedusa, Italia. Badala ya shukrani wakakamatwa kwa kosa la kusaidia wahamiaji. Manahodha wawili wakahukumiwa kifungo, mpaka mahakama ya rufaa ilipowaachia mwaka 2011. Miaka minne, na vyombo vyao havifanyi kazi. Unadhani mvuvi wa Tunisia aliyeona hayo, siku ya pili akiona mkono majini anafanyaje? Ndicho kilichompata Mzee wa Mikindani kwa kipimo cha kwetu.

#17 Mzee_Mikindani
Mimi nikiona mkono nitaushika tu. Lakini nimewasikia vijana wakisema wazi, tukikuta mtu wa kule tutamwachia dumu la maji na boya, tusimpakie. Hilo linaniuma kuliko kule kuwekwa ndani.

#18 Ughaibuni_Belfast
Salamu kutoka mvua. Nimeishi huku muda, naomba nirekebishe kidogo #1 ili watu wasione RNLI inajiendea tu. Haijitumi. Upande wa Uingereza inaitwa na Walinzi wa Pwani wa Uingereza, upande wa Jamhuri inaitwa na Walinzi wa Pwani wa Ireland. Serikali mbili, kila moja ina chumba chake cha simu, zinaongea zenyewe kwa zenyewe, kisha boti iliyo karibu ndiyo inakwenda. Kwa hiyo Mlinzi wa #15 ana hoja na Mwana_Msimbati ana hoja. Kujitolea kunakaa juu ya serikali zinazopokea simu.

Jambo jingine: si kwamba mpaka wa huku ulikuwa wa amani. Kulikuwa na miaka thelathini ya mabomu na vizuizi vya askari barabarani. Boti ziliendelea kwenda.

#19 Mlinzi_wa_Pwani
Ziliendelea kwa sababu zilikuwepo kabla ya mpaka. Chama cha 1824, mpaka wa 1922. Askari alizaliwa akaikuta boti hiyo. Kwetu mnataka kuleta boti katikati ya vita. Huo ndio utofauti na ni mkubwa.

#20 KusiMkali
Mlinzi, kwetu pia wavuvi walikuwepo kabla ya mpaka. Kionga ilikuwa ya Mjerumani, Mreno akaichukua 1916. Mpaka wa baharini kati yetu na Msumbiji ulikubaliwa mwaka 1988 tu. Babu zangu walivuka kwenda ngomani na kurudi, nani alikuwepo kuwauliza? Kilichokosekana ni kuandikwa.

#21 Kanda_ya_Ziwa
Nawafuatilia kutoka Bukoba. Msidhani kuandikwa kunatosha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wetu, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alifungua mlango kwa kasia. Baadaye Rais akaelekeza apewe nafasi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Ila wale wenzake wengine na mitumbwi yao? Kivuko cha MV Nyerere kilipozama 2019 pia wa kwanza walikuwa wavuvi. Kila mara ni wavuvi, na kila mara tunaanza upya.

#22 Kijana_wa_Ligula
MV Nyerere ni Septemba 2018, mkuu, pale Ukara.

#23 Mwamba_wa_Lindi
Kijana amesharudi na ramani na kalenda. Hongera.

#24 Mama_Pweza
Hamjambo. Nyote mnaongea mafuta na mikataba. Mimi nasema mnakufa kwa sababu hamvai maboya. Mwanangu nimemnunulia jaketi okozi, analifanya mto wa kulalia kwenye chombo. Anasema linachoma, linanasa kwenye nyavu, na wenzake wanamwambia anajitakia mabaya. Hata boti ya uokoaji ikija na kengele, itakuta nini?

#25 Ughaibuni_Belfast
Mama shikamoo, umesema kubwa. Hata waokoaji wa huku zamani walikuwa hivyo. Mwaka 1861 pale Whitby, Uingereza, boti ya uokoaji ilipinduka, ikiwa na watu 13. Walikufa 12. Aliyepona mmoja, Henry Freeman, ndiye alikuwa amevaa jaketi jipya la koki, lile gome la mti linaloelea. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

#26 Korosho_Ghafi
Mama Pweza, huyo mwanao bei ya jaketi alimlipia nani? Wewe. Wenye mama wa namna yako ni wachache. Mwenye chombo analipa nyavu, analipa barafu, analipa leseni, jaketi za watu kumi hazimo kwenye hesabu. Tunarudi kwenye pesa. Halafu pweza kilo shilingi ngapi sasa hivi hapo kwenu?

#27 Mama_Pweza
Pweza mpaka maji yafunguliwe, mwanangu. Tumefunga mwamba ili wakue. Njoo siku ya kufungua na pesa taslimu, sikopeshi watu wa korosho.

#28 HakiBahari
Kabla uzi haujaenda kwa pweza moja kwa moja. Korosho, kuna jambo la sheria linalogusa mafuta yako. Mkataba wa 1989 wa uokoaji wa mali baharini unasema anayeokolewa roho hadaiwi malipo. Mali ikiokolewa, chombo, mashine, samaki, mwokoaji ana haki ya tuzo kutoka kwa mwenye mali. Kwa hiyo kikundi kinaweza kuvuta chombo na mashine kikapata cha kurudishia mafuta, bila kumgusa mtu mwenyewe.

#29 Faiba40
Hilo ni hatari. Ukishaweka malipo kwenye mashine, kuna watu watavuta mashine kwanza. Nimeona mtu ananing'inia kwenye mrengu, wenzake wanabishana namna ya kuifungua Yamaha isizame.

#30 Binti_Shangani
Na hapo kujitolea kumekwisha, tunaongelea biashara. Mjomba hakutozwa na asingetozwa. Watu wa Songo Songo wangeona ni aibu.

#31 Ughaibuni_Belfast
Kuna mfano wa Afrika mnausahau. NSRI, chama cha uokoaji baharini cha Afrika Kusini. Mwaka 1966 wavuvi 17 walikufa Stilbaai. Pattie Price, ambaye mwenyewe aliwahi kuokolewa na boti ya RNLI huku Ulaya, akaanza kuandika barua akidai chama cha namna hiyo. Mwaka 1967 kikaanza na kaboti kadogo ka mpira. Leo wako pwani nzima na wanaokwenda baharini hawalipwi. Walianza na kidogo kabisa.

#32 Mwana_Msimbati
Hiyo nimeipenda. Pendekezo: tuanze upande wetu tu. BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) za Msimbati, Msangamkuu na Mikindani ziwe na daftari moja: vyombo, rangi, nahodha, saa ya kutoka. Nakala kwa polisi wanamaji na kwa wenzetu wa Palma. Mzee Mikindani, ulipokuwa kule nani alikwenda kukutetea mpaka ukaachiwa?

#33 Mzee_Mikindani
Imamu wa pale na mwenyekiti wa kitongoji. Imamu alikuwa na shemeji yake Mtwara, akamtafuta kwa simu ya mtu, shemeji akaenda Mikindani kuuliza kama kweli nina watoto na nyumba. Swali la askari lilikuwa moja kila siku: huyu ni nani na chombo ni cha nani? Daftari lenye mhuri lingejibu.

#34 Mlinzi_wa_Pwani
Daftari naliunga mkono. Ila nakala kwenda Palma iende kwa serikali, si kwa mtu. Orodha ya vyombo na saa zake ikiangukia mikono mibaya ni ramani ya uvamizi.

#35 Mto_Hauzuii
Na kwa upande wa kule daftari liandikwe Kiswahili na Kireno. Kimakonde wote tunajua, lakini mhuri wa kule unasoma Kireno.

#36 Korosho_Ghafi
Sawa, mna daftari. Saa nane usiku linaonyesha chombo cha buluu hakijarudi. Nani anatoa boti yake, na dumu la kwanza linatoka kwa nani? Nitajieni mtu mmoja kila kijiji na mimi nitachangia.

#37 Binti_Shangani
Shangani nitaulizia Ijumaa watu wakitoka msikitini. Msangamkuu nani yupo humu?